Stesheni Isiyo na Reli

Wampembe treni haijafika mpaka leo, wala sitegemei ifike nikiwa hai. Lakini stesheni tulikuwa nayo. Ukibisha, muulize mzee yeyote wa ufuko ule wa ziwa. Atakuonyesha mahali banda liliposimama, kisha ataanza kukusimulia habari za baba yangu, Flavian, na najua atazipunja. Ndiyo maana nimekaa kuziandika mwenyewe. Mimi ni Luciana, mtoto wake wa pekee, muuguzi mstaafu wa hapa Majengo, Sumbawanga, na jambo nililoliona kwa macho yangu sipendi kusimuliwa na mtu aliyekuwa hajazaliwa.

Enzi zile za Mwingereza, meli ya Ziwa Tanganyika ilikuwa mali ya reli. Ilitoka kusini, ikagusa vijiji vya ufukoni mwa Ufipa kimoja baada ya kingine, ikaenda kuishia Kigoma, na pale Kigoma ndipo reli inapoanzia. Kwa hiyo tiketi iliyokatwa Wampembe ilikufikisha Kigoma kwa maji, na ukitaka ilikupeleka Tabora au Dar es Salaam kwa treni, tiketi ileile. Wakubwa wa reli wakaona kijiji chetu kinahitaji mtu wa kuzikata. Wakajenga banda la bati, wakaweka mizani ya kupimia mizigo, mabenchi mawili ya abiria, ratiba ukutani, na bango kubwa la treni inayotoa moshi. Hatukuwa na reli, isipokuwa kipande kimoja cha urefu wa mkono kilicholetwa na meli na kuning'inizwa kwenye nguzo. Hicho ndicho kilikuwa kengele. Ukikigonga kwa nondo, sauti yake inapanda mpaka milimani.

Kazi hiyo alipewa baba mwaka 1931. Alikuwa mkulima wa Kate, huko juu uwandani, mtu wa mahindi na ulezi, ila mapadri walimfundisha kusoma na mwandiko wake ulikuwa safi. Akateremka na mama yangu, Cornelia, na kuku wanne. Hakuwahi kuliona ziwa kabla ya siku hiyo. Mama alikuwa akisema kwamba baba alipofika ukingoni mwa mlima na kuyaona maji yote yale, aliketi juu ya jiwe akauliza kama hakuna stesheni nyingine.

Kengele ilikuwa na utaratibu wake. Meli ikionekana, baba anagonga mara moja. Watu wanafunga mizigo. Meli ikitia nanga mbali kidogo, kwa kuwa gati hatukuwa nalo, anagonga mara mbili, na mashua ya Saad inaanza kuvusha abiria. Abiria wa mwisho akishapanda na mashua ikisharudi ufukoni, anagonga mara tatu. Nahodha akisikia tatu, anapiga honi na kuondoka. Kabla ya tatu haondoki, hata kama amechelewa namna gani. Baba aliipenda sana hiyo ya tatu. Meli yote ile, na chuma chake chote, ilimsubiri mkulima wa Kate.

Lakini kilichompatia jina si kengele, ni mafunzo. Watu wa uwandani walikuwa wakifika siku mbili tatu kabla ya meli, kwa miguu, mizigo kichwani, na wengi hawajawahi kusafiri. Baba hakumkatia mtu tiketi ya treni mpaka amfundishe. Aliyapanga yale mabenchi mawili yakatazamana, akasema hili ndilo behewa, daraja la tatu. Watu wakapanga foleni. Mmoja mmoja anaingia, mzigo chini ya benchi, tiketi ndani ya fundo la kitenge au kwenye mfuko wa shati, siyo mkononi, kwa kuwa upepo wa treni hauna adabu. Kichwa usikitoe dirishani. Treni ikisimama usishuke kununua karanga mpaka umuulize mwenzako aliyezoea. Kisha baba anavaa kofia yake ya kazi, anapita katikati na kusema kwa sauti nzito, "Tiketi!"

Hapo ndipo aliongeza jambo lake mwenyewe. Kwetu Wafipa, mkubwa hasalimiwi umesimama kama mlingoti. Unainama, unapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti iwe ya chini. Hivyo ndivyo wazee walivyomwamkia Mwene, mtawala wetu. Baba akapiga hesabu zake: mtu mwenye uwezo wa kukushusha porini ni mkubwa, kwa hiyo anastahili makofi. Akawafundisha watu kumpigia makofi mkagua tiketi. Kitabu cha reli hakikusema hivyo, lakini nani angembishia? Walikuwa wanainama pale kwenye mabenchi, bibi na wajukuu, makofi yanalia pa, pa, pa, na baba anaitikia kwa kichwa kama Mwene mwenyewe.

Watu wakirudi kutoka safari walimletea habari. "Bwana Stesheni, ilikuwa vilevile ulivyotuambia!" Baba anatabasamu. "Niliwaambia." Na kila habari aliyoisikia aliihifadhi, akawafundishia wanaofuata, mpaka akawa anajua kona za njia, mahali panapouzwa chumvi, mahali ambapo injini inapumua kwa shida. Ungemsikia, ungeapa kuwa alizaliwa ndani ya behewa.

Baba hakuwahi kuona treni.

Hakuwahi hata kuingia ndani ya ile meli. Mganga hajigangi. Kijijini hakuna aliyejua ila mama na mimi, na tuliambiwa tufunge midomo. Kila mwaka reli ilimpa mfanyakazi wake pasi ya kusafiri bure, kwenda na kurudi, na kila mwaka baba aliitia kwenye kopo la kahawa mpaka ikaisha muda wake. Ukimuuliza, alisema, "Nikienda, nani atapiga kengele?" Ukweli ni kwamba aliogopa ziwa. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona akiingiza mguu majini kupita kifundo. Kuoga alioga kwa ndoo.

Basi mwaka 1951 mambo mawili yakaja pamoja. Mimi nilikubaliwa kwenda kujifunza uuguzi Tabora. Na baba akaletewa barua kwamba mwisho wa mwaka atastaafu. Ndani ya bahasha ileile mlikuwa na pasi ya mwaka huo, na ilikuwa ya mwisho. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia kwenye kopo. Jioni ile hakula. Mama akamwekea ugali wa ulezi na dagaa, chakula ambacho hajawahi kukikataa, baba akauacha ukapoa.

Nilimsikia mama akimwambia, "Baba Luciana, nenda na mtoto. Mfikishe Tabora. Uione hiyo treni yako."

"Nani atapiga kengele?"

"Kengele, kengele. Utazikwa nayo?"

"Mama Luciana, niache," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayejionea aibu. "Nimewadanganya watu miaka ishirini. Nikipanda sasa nikaanza kutapika mbele yao, watasemaje? Niache nimalizie hivihivi."

Mama akaufunika ule ugali. Mama yangu akinyamaza, jua kuna jambo. Alikuwa akiuza uji pale stesheni tangu siku ya kwanza, na aliwajua watu wote, akiwemo Saad wa mashua, aliyekuwa akinywa vikombe viwili kila meli inapokuja na kusifu sukari.

Siku ya safari, mama alishikilia kufunga mzigo wangu peke yake. "Wewe hujui kufunga," akaniambia. Mimi! Niliyefunga mizigo ya abiria tangu nina meno ya utoto! Nilipojaribu kuuinua, sikuweza. Ulikuwa mzito kama mawe ya kusagia. Nikamtazama, naye akatazama ziwani.

Meli ikaonekana. Baba akagonga moja. Ikatia nanga, akagonga mbili. Abiria wengine wakavushwa, nikabaki mimi wa mwisho, kama inavyompasa mwenyeji. Baba akaubeba mzigo wangu begani mpaka kwenye maji, akasimama pale anaposimama siku zote.

"Saad, pokea," akasema.

"Shikamoo mzee. Leo bega langu bovu kabisa," Saad akajibu, na akajishika bega. Alilishika la kushoto, kisha akakumbuka akashika la kulia.

"Basi vijana wako."

"Nao wanaumwa. Labda ni dagaa za jana."

Vijana wake wawili wakashika matumbo wakakunja nyuso. Watu ufukoni wakaanza kuguna. Baba akanitazama, akautazama mzigo, akayatazama maji. Kwetu kumsindikiza mtu si kumpungia mkono. Katika ukoo wetu, ukishaubeba mzigo wa msafiri, huutui mpaka mahali atakapoketi. Kuutua njiani ni kama kumwambia asirudi. Baba aliwasimanga watu wengi kwa kosa hilo, na sasa mzigo ulikuwa begani mwake, na aliyekuwa akisafiri alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Nitauweka tu nishuke," akasema. "Nahodha ataningoja. Bila tatu haendi."

"Haendi," mama akasema. "Nenda tu. Kengele ipo hapa."

Aliingia kwenye mashua kama mtu anayekanyaga mayai. Akakaa katikati, macho ameyafumba, mzigo ameukumbatia, anasali Salamu Maria kwa haraka mpaka maneno yanagongana. Mimi nilimshika mkono, na kusema kweli nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Saad akapiga kasia akisema, "Mzee, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Sijavua nguo yoyote!" baba akamjibu bila kufumbua macho.

Tukapandishwa melini kwa ngazi. Na pale juu ya sitaha, alipokanyaga mbao ngumu zisizotikisika sana, baba akafumbua macho. Akagusa ukuta. Akagonga bomba kwa ukucha. Akaanza kutembea na mzigo wangu begani, akikagua. "Maboya yako wapi? Enhe, yale. Daraja la tatu huku nyuma, sivyo? Kama nilivyowaambia." Hofu ikamtoka kidogo kidogo, na ule u-Bwana Stesheni wake ukamrudia. Akanitafutia mahali pasipo na upepo, akautua mzigo, akaanza kunisomea somo lote tangu mwanzo, kichwa usikitoe, karanga usizikimbilie. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kwa nini awe nayo? Meli ilikuwa yake mpaka agonge tatu.

Saad na vijana wake walikuwa wamesharudi ufukoni, wazima wa afya, matumbo na mabega yote yamepona.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Baba akageuka kuelekea ufukoni. Honi ikalia juu ya vichwa vyetu, nanga ikaanza kupanda, na sitaha ikatetemeka chini ya miguu.

"Nani huyo?" akapiga kelele. "Nani amegusa kengele yangu?"

Tukakimbilia ukingoni. Kule ufukoni, chini ya nguzo, alisimama mama, nondo mkononi, kanga nyekundu kichwani. Akainua ile nondo juu akaipunga. Kisha, ili baba asiwe na shaka, akagonga tena moja ya nyongeza.

Nilifungua mzigo wangu, na ndipo nikajua uzito ulitoka wapi. Juu kabisa kulikuwa na koti la kazi la baba, limepigwa pasi. Chini yake viatu vyake vya Jumapili, shati, kofia, chupa ya asali ya kumpa yeyote atakayempokea Tabora, na lile kopo la kahawa. Ndani ya kopo, pasi ya mwisho.

Baba akaishika, akaigeuza huku na huku. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Kisha akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, mpaka abiria wakageuka, na mabibi wawili wa kutoka Kate, ambao aliwafundisha juzi yake tu, wakasema, "Ah, Bwana Stesheni naye anasafiri! Leo tuko na mwenyewe!"

Alitapika, ndiyo. Alitapika mpaka bandari ya Kipili. Hakuna aliyemcheka. Mabibi wale walimshika kichwa na kumpa limau, wakisema hata mwenye kazi huchoka. Siku ya pili alikula.

Kigoma tulifika asubuhi. Stesheni yao ni jengo la kweli, lenye ghorofa na saa, na baba alisimama nje akalitazama kwa muda mrefu, kofia mkononi. Kisha ikaja sauti kutoka upande wa pili, ile pumzi kubwa ya injini, na moshi ukapanda juu ya paa. Baba akanishika bega.

"Ni kubwa kuliko bango," akaniambia polepole.

Treni ya Tabora iliondoka saa kumi alasiri. Langoni alisimama mkagua tiketi, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, Muhidin jina lake, anakata tundu kwenye tiketi za watu wanaosukumana. Mbele yetu walikuwa wale mabibi wa Kate. Walifika kwake, wakatoa tiketi kwenye fundo la kitenge, wakainama, wakapiga makofi. Pa, pa, pa. Mimi nikaona aibu, nikadhani atawafokea. Muhidin akaitikia kwa kichwa kama kawaida.

"Wa Wampembe," akasema kwa furaha. "Nawajua. Piteni mama zangu, piteni. Miaka ishirini nipo hapa langoni, watu wote wananisukuma na kunitukana, isipokuwa ninyi. Siku niliyopigiwa makofi mara ya kwanza nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimekuwa sultani. Hivi nani anawafundisha huko kwenu?"

Bibi mmoja akageuka, akamnyooshea baba kidole. "Huyu hapa. Flavian."

Muhidin akaacha kukata tiketi. Foleni ikasimama, watu wakaanza kulalamika. Akamtazama baba kuanzia kofia mpaka viatu vya Jumapili. Akaweka koleo yake ya kutobolea kwenye mfuko, akavua kofia, akainama na tumbo lake lile, viganja akavikunja vizuri kama mtu aliyezoea kuvitazama, akampigia baba makofi. Taratibu. Pa, pa, pa. Mabibi wakajiunga. Kisha wakajiunga watu wasiojua hata ni kwa nini, wachukuzi, wauza mikate, na stesheni masta akatoka ofisini akiuliza kuna nini.

Baba alisimama pale analia waziwazi, hata hakufuta machozi. Kwa miaka ishirini alidhani anawadanganya watu. Kumbe yeye alikuwa ameshafika Kigoma zamani, na alikuwa akifika kila meli inapofika.

Stesheni masta alipoelezwa, akamwambia, "Mzee, basi tufanyie heshima. Ipige kengele ya treni." Na baba, aliyependa kengele kuliko chakula, akatikisa kichwa.

"Ahsante sana bwana mkubwa. Maisha yangu yote nimewapigia wengine wakaenda. Leo nataka nipigiwe."

Tukapanda. Alikaa dirishani, tiketi mfukoni, mzigo chini ya benchi. Kengele ikalia, treni ikavuta, na kabla hatujaimaliza Kigoma baba alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha, kofia ameishika kwa mkono mmoja, mdomo wazi, moshi unamwingia. Nilipomvuta shati kumkumbusha somo, aliniambia ninyamaze.

Alinifikisha Tabora, akautua mzigo wangu juu ya kitanda changu cha bweni, kama inavyopaswa, akarudi. Mengine nilisimuliwa na Saad, naye kwa jambo hili namwamini. Meli ilipotia nanga Wampembe, baba alishuka kwenye mashua macho wazi. Mama alikuwa mlangoni mwa banda, amevaa kofia ya zamani ya baba, iliyotoboka. Muda wote ule alikuwa amekata tiketi, amepima mizigo, na amefundisha watu kwenye mabenchi.

"Tiketi!" akamwambia baba kwa sauti nzito.

Baba akainama akampigia makofi. Wakacheka mpaka uji ukaungua.

Meli ilikwenda kusini, ikageuka, na baada ya siku chache ikaonekana tena ikielekea Kigoma. Baba akagonga moja. Mama akaweka sufuria yake ya uji mekoni. Baba akaiepua, akaiweka chini. Akatoa chini ya meza mzigo ambao mama hakuwa ameufunga, na juu yake tiketi, daraja la tatu, Wampembe mpaka Tabora, kwa mwandiko wake safi. Pasi ilikuwa ya mtu mmoja, na ilikuwa imekwisha. Hiyo aliikata kwa mshahara wake.

"Miaka ishirini umewapikia wasafiri," alimwambia. "Nenda ukamwone mtoto."

"Nani atapika uji?" mama akauliza.

"Uji, uji. Utazikwa nao?"

Aliubeba ule mzigo mwenyewe mpaka sitahani, akautua mahali pasipo na upepo, akarudi na mashua ya Saad akiwa amekaa wima. Akaenda kwenye nguzo. Kule mbali aliiona ile kanga nyekundu ukingoni mwa meli, inapungwa. Akagonga mara tatu, kama utaratibu unavyotaka. Honi ikalia. Kisha akaongeza moja yake, na Saad anasema hiyo ilisikika mpaka Kate.